Dalili pekee haziwezi kukupa jibu
Ndugu yangu, unauliza kama homa, koo kuuma na jasho la usiku, wiki 3 baada ya kujamiiana bila kondomu, ni dalili za Virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba baadhi ya walioambukizwa hupata hali hiyo kati ya wiki ya 2 na ya 4, lakini mafua huleta dalili zile zile, na hofu yenyewe, inapomkosesha mtu usingizi na hamu ya kula, humdhoofisha hadi akajiona mgonjwa. Nakuomba sana uache kukagua mwili wako kila saa, maana kila ukaguzi huzaa hofu mpya. Nenda ukapime sasa, kisha urudie siku 90 baada ya tukio, kwa kuwa kipimo cha haraka cha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, kinaweza kushindwa kuona maambukizi mapya. Hadi hapo tumia kondomu, usichangie damu, na umweleze mshauri nasaha yote yanayokukosesha usingizi. Endapo utakutwa na maambukizi, dawa za kufubaza virusi zipo, na anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.