Muda wa kufyatuka kwenye bunduki za bolti: unakosesha shabaha au hapana?

Mkuu uliyeuliza kama uuze Brno yako ya .375 (upana wa risasi yake kwa inchi) ununue Remington 700, zote bunduki za bolti, yaani za kufungua na kufunga kwa mkono kila risasi, kwa kuwa rafiki yako kakwambia bunduki za asili ya Mauser zinachelewa kufyatuka: usiuze. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kambi za uwindaji Rungwa na Selous. Jioni nasafisha bunduki za wageni, na siku ya kwanza nakaa nao kwenye shabaha kabla mwindaji bingwa hajawaingiza porini. Swali hili linarudi kila msimu, na mara nyingi linaulizwa na mtu aliyetoka kukosa.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Muda wa kufyatuka ni ule unaopita tangu triga inapoiachia pini, kile chuma cha kugongea ndani ya bolti, mpaka pini igonge fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi. Kidole kimeshamaliza kazi yake, lakini baruti bado haijawaka na mtutu uko huru kusogea. Kwa Mauser 98, ambayo Brno ZKK 602 imetokana nayo, takwimu inayotajwa sana ni kama milisekunde 5, yaani sehemu 5 za elfu za sekunde. Remington 700 ni kama 3, na Winchester Model 70 haipo mbali na hapo. Kwa hiyo ugomvi wote ni wa milisekunde 2. Kupepesa jicho tu kunachukua zaidi ya milisekunde 100.

Hakuna binadamu anayeihisi tofauti hiyo kidoleni. Wageni wengi wanaoniambia "hii bunduki inachelewa" nikiishika nakuta shida ni triga: nzito, inakokota kabla ya kuachia, au ni ile ya kijeshi yenye hatua mbili ambayo hawajaizoea. Hilo ni jambo jingine kabisa na fundi mzuri analirekebisha bila wewe kuuza bunduki.

Tupige hesabu. Umeegemea fimbo za miguu mitatu, alama ya darubini inaelea taratibu juu ya bega la nyati mita 100, tuseme sentimita 30 kwa sekunde. Katika milisekunde 5 imesogea milimita 1 na nusu, katika 3 imesogea chini kidogo ya milimita 1. Moyo wa nyati hauna habari na tofauti hiyo. Na mnyama anayekimbia? Swala pala akiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, katika zile milisekunde 2 anasogea kama sentimita 3. Lakini risasi ya .375 yenye uzito wa greni 300 (kama gramu 19) inahitaji karibu sehemu 14 za mia za sekunde kufika mita 100, na hapo swala kashakwenda zaidi ya mita 2. Anayekosa mnyama anayekimbia amekosea kukadiria hizo mita 2, au amesimamisha mtutu badala ya kuendelea kumsindikiza nao.

Sasa kuna hali moja ambapo hizo milisekunde zinaonekana kwenye karatasi, na hapa ndipo wengi tunapaswa kutulia. Ni kushtukia mlio. Mtu akiogopa teke la .375, mwili unajikaza kabla bunduki haijalia: bega linasukuma mbele, jicho linafumba, mdomo wa mtutu unazama. Chukulia unazama nyuzi 1 ndani ya milisekunde 50. Kwa mita 100 hiyo ni sentimita 3 na nusu kwa kila milisekunde, kwa hiyo Mauser itakupeleka chini sentimita 17 na Remington sentimita 10. Kweli Remington imekupunguzia kosa, lakini kwa nyati bado umejeruhi, na sasa wafuata nyayo wanaingia vichakani kumtafuta mnyama mwenye hasira. Hao ni watu wenye familia, ndiyo maana suala hili silichukulii kwa wepesi. Mtu anayeshtukia mlio atibiwe yeye kwanza.

Tiba yenyewe ni rahisi. Chukua risasi za mazoezi zisizo na baruti, changanya na za kweli, mwenzako ndiye apakie, wewe usione. Lenga na uvute kama kawaida. Ikiangukia ya mazoezi, mlio haupo wa kuficha kitu, na kila mtu aliyesimama pale anaona mtutu ukizama. Nimeona wazee wenye leseni za miongo wakitulia kimya baada ya kuvuta ya kwanza. Endelea hivyo, risasi chache kwa siku, mpaka mtutu ubaki palepale kwenye zote. Nyumbani, ukishahakikisha chemba haina kitu, weka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo na uvute triga. Sarafu ikianguka, tatizo lipo kwako.

Upande ambao rafiki yako hakuutaja ni kwa nini Mauser iko hivyo. Pini yake ni nzito na inasafiri umbali mrefu kabla ya kugonga, na safari hiyo ndefu ndiyo inayoipa springi nafasi ya kuijaza nguvu. Inachelewa kidogo, lakini ikifika inapiga kwelikweli. Kwa bunduki ya wanyama hatari naitaka tabia hiyo. Kule Rungwa mwezi wa tisa vumbi linaingia kila mahali. Nikifungua bolti iliyopakwa grisi nyingi na kuitoa pini, nakuta uji wa kahawia umezunguka springi yote. Pini inayopita kwenye uji huo inachelewa, na mbaya zaidi haichelewi sawasawa kila mara. Nafuta yote mpaka chuma kikauke, naacha unyevu wa mafuta mepesi tu.

Kabla ya hapo huwa naokota maganda ya siku hiyo nayapanga kwenye boneti ya Land Cruiser, vitako juu, mwanga wa jua la jioni ukipita kwa ubavu. Kishimo cha pini kwenye fataki kikiwa kirefu na kinafanana kwenye maganda yote, naridhika. Kikiwa kifupi kwenye ganda moja na kirefu kwenye jingine, bunduki hiyo hailali bila kufunguliwa.

Anayelenga kwa kusimama na .22 kwenye mita 50 ana haki ya kujali milisekunde. Duara la 10, lile la katikati ya shabaha, pale lina kipenyo cha milimita 10.4, hana cha kuegemea, na risasi yenyewe ni ya polepole. Ndiyo maana bunduki za mashindano kama Anschütz zimetengenezwa na pini nyepesi yenye safari fupi.

Umeuliza pia kuhusu zile pini nyepesi za kubadilisha zinazouzwa na springi zake. Kwenye bunduki ya kulengea karatasi, weka ukipenda. Kwenye .375 ya nyati mimi siweki. Kama springi ya Brno yako ni ile iliyotoka nayo kiwandani Czechoslovakia, huenda imechoka. Mpe fundi mwenye leseni akuwekee mpya yenye nguvu ileile ya asili, asiikate wala kuongeza kitu. Kisha piga risasi kadhaa na uyatazame maganda.