Mkanda wa Kulaza Mapajani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama Kenya ifuate viwango vya usalama wa magari vya Umoja wa Mataifa, na gari lisilo na mifuko ya hewa ya kukinga watu ajalini wala mfumo wa kulizuia lisiteleze lisishushwe bandarini. Nimecheka peke yangu. Magari yanayotumaliza huku Malindi yalishuka melini mazima. Tumeyaharibu wenyewe gereji.

Chukueni mkanda tu. Ule wa kupita begani na kiunoni aliubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Kwenye matatu zetu mikanda ilikuja kwa lazima 2004, marehemu John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi: kila kiti mkanda, abiria wasizidi 14, na spidi gavana ya kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Magari mengi yaliegeshwa mpaka yakafungwa vifaa.

Sasa juzi nimepanda ya Mombasa. Tulipopita Gede, makanga akapaza sauti: "Mikanda jamani, kuna askari mbele!" Kila mtu akaingiza mkono kati ya viti kuutafuta wake. Wangu ulikuwa umekakamaa kwa jasho na soda za watu, pembeni unang'aa weusi. Dada wa buibui niliyekaa naye alitandika leso mapajani kwanza, ndipo akaulaza mkanda juu yake usimchafue. Mzee wa mbele yetu alishika ncha zote mbili kwenye ngumi, moja huku, moja huku. Hakuna aliyefunga.

"Mwanangu, huu wangu hauna pa kuchomeka," mama mmoja akamwambia makanga.

"Ulaze tu mama, yule haangalii kama umefunga."

Na kweli. Askari aliingiza kichwa, akatutazama mapaja, akapiga bodi kofi, tukaondoka. Hatujamaliza tuta, mikanda yote iko chini. Dereva alipokanyaga breki mbele kidogo, kiti chetu kizima kikasogea. Gari lenyewe lilikuja la mizigo, viti vimechomelewa hapahapa. Hata mkanda ungefungika, ungenifunga kwenye kiti ambacho chenyewe hakijafungwa! Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na sisi tunaigiziana.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba viwango hivyo ni vya watu wa Runda, mtaa wa matajiri Nairobi, sisi tuachieni. Lakini kadiri ninavyoandika naona nakwenda kinyume. Huo mfumo wa kuzuia kuteleza haumngojei makanga apige kelele. Dereva akikata usukani ghafla kumkwepa mbuzi, wenyewe unashika gurudumu linalohitaji kushikwa, askari awepo asiwepo. Haulazwi mapajani. Labda watu kama sisi ndio tunaouhitaji zaidi.

Basi ndiyo, vifuatwe. Bei msinitishe nayo sana, maana gari la kuingizwa halitakiwi kuzidi miaka 8, na magari madogo ya umri huo kutoka Japani mengi huja na vitu hivyo tayari. Ila mfuko wa hewa ukishafumuka, fundi ataziba tundu kwa ngozi na mnunuzi hatajua, hilo nalo litazamwe. Na ukaguzi ufike kwenye viti vilivyochomelewa, si kilichotoka melini pekee.

Tuktuk sijui mtaziweka fungu gani. Hamkuuliza, na ndizo tunazopanda kutwa.

Msomaji wenu, Shella, Malindi