Jibu: Banio la juu linachukua maji yote kiangazi

Salaam mkuu. Umesema skimu ya umwagiliaji iliyo juu yenu hapo Usangu, Mbeya, inafunga mto wote kiangazi kwa banio lake (kizuizi cha kuchepusha maji), ninyi na wafugaji mnabaki na mchanga. Angalieni kwanza kibali chao cha kutumia maji: masika kiasi gani, kiangazi kiasi gani? Kwetu skimu ya juu walikuwa wanachota kiasi cha masika hadi Oktoba! Pelekeni hilo kwenye jumuiya ya watumia maji, ikishindikana Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, pili mazingira, mpunga unasubiri. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, haukuanza kukatika kiangazi miaka ya 1990 kwa bahati mbaya. Zamu za kumwagilia usiku ziandikwe, ugomvi huanzia hapo. Hujasema kama wafugaji wamo kwenye jumuiya. Kama hawamo, waingizeni kabla ya kikao chochote.