Muulize Shangazi: Namba Yangu Nimpe Lini?

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeagizana. Zilizobeba uzito zote zinauliza habari ya namba za simu katika biashara za mtandaoni, basi nazijibu kwa mkupuo mmoja. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi nilikuwa na meza ya mitumba Mgandini, hapa Tanga, sasa nimetulia nyumbani Ngamiani, nauza na kununua kwa simu, zaidi santuri za taarab. Si mwanasheria. Nimekaa sokoni tu, na soko nalijua harufu yake hata likihamia kwenye kioo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya 12. Mteja wangu ana Singer ya zamani ya kukanyaga, na kile kichuma kinachobeba bobini kimevunjika. Nimekiona eBay, lile soko la mtandaoni, kwa muuzaji wa Uingereza, pauni 18. Nikamwandikia na kumwekea namba ya WhatsApp ili anitumie video. Ujumbe ukakataliwa. Nikaiandika namba kwa maneno, "sifuri saba moja" na kuendelea, nikapewa onyo. Cha ajabu, muuzaji mwenyewe akanijibu kwa mafumbo kwamba nikipata namna ya kumpa barua pepe yangu, ataniuzia nje kwa nafuu ya pauni 5. Shangazi, huu si uonevu, watu wazima wawili kuzuiwa kusalimiana? Na je, nimfuate huko nje?

JIBU: Marahaba, fundi. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye moto: usimfuate.

Umeikasirikia sheria, lakini tazama nani anataka kuivunja na kwa faida ya nani. Wewe ulitoa namba ili uone kichuma. Yeye anataka barua pepe yako ili pesa ipite pasipo na shahidi. Hayo ni mambo mawili, na mashine ya eBay haina macho ya kuyatofautisha, ndiyo maana imewafungia mlango nyote.

Sheria yenyewe haina fumbo. Mnunuzi na muuzaji hawaruhusiwi kupeana namba za simu, barua pepe, akaunti za mitandao ya kijamii wala viungo vya tovuti nyingine kabla mauziano hayajakamilika humo ndani, iwe kwenye ujumbe, kwenye maelezo ya bidhaa au ndani ya picha. Kupendekeza kuuziana nje nako ni kosa, na linamhusu muuzaji sawasawa na mnunuzi. Kuhusu ujanja wako wa kuandika tarakimu kwa maneno, mwanangu, huo umezeeka. Wameshawaona wanaotenganisha namba kwa nukta, wanaoandika "wasapu", na wanaoficha namba kwenye kona ya picha. Ukirudia, usije ukashangaa akaunti imefungwa.

Ukiuliza sababu, watakwambia ni kwa usalama wako. Ni kweli, ila nusu. Nusu nyingine ni ada yao, na sioni kwa nini tuoneane haya kulisema. Nenda Deep Sea, soko letu la samaki, alfajiri vyombo vikishusha. Dalali hakuachi ukanong'one na nahodha pembeni kabla mnada haujapigwa, kwa kuwa mkishajuana nyinyi wawili, kesho yeye hana kazi. Lakini dalali huyo huyo ndiye anayejua nani kabeba tenga gani na nani hajalipa. Ugomvi ukizuka, ndiye wa kwanza kuitwa. Anakula na anachunga, na huwezi kumwambia achunge asile.

Kwa hiyo mimi, kabla sijaamua kutoa namba au kuificha, huuliza jambo moja tu: pesa anaishika nani? Kama soko ndilo linaloipokea pesa na kuibeba mpaka kwa muuzaji, nabaki ndani na mazungumzo yangu yote yanabaki ndani, hata kama naudhika. Kama soko ni ukuta wa matangazo tu na pesa hailigusi, basi hakuna dalali wa kunichunga, na namba ni yangu kuitoa nikipenda.

eBay ni soko la aina ya kwanza. Ukilipia humo na kichuma kisifike, au kikafika cha mashine nyingine, una siku 30 za kulalamika na kudai pesa yako, kuanzia tarehe ya mwisho waliyokuandikia kuwa mzigo utafika. Ukilipa nje, kwa benki au kwa njia yoyote mtakayopatana gizani, dhamana hiyo haikuhusu. Na siku ya kubishana, watakaoamua watasoma ujumbe mlioandikiana humo. Yaliyosemwa WhatsApp kwao ni kama hayakusemwa. Huyo bwana basi ananunua dhamana yako yote kwa pauni 5.

Kuna jambo jingine linalonikwaruza. Tangu Oktoba 2024, mtu binafsi anayeuza vitu vyake eBay ya Uingereza halipishwi ada ya mauzo, na Februari 2025 wakaja na ada ya ulinzi inayomwangukia mnunuzi. Kama muuzaji wako ni mwenye duka, nafahamu anachokikimbia. Kama ni mtu binafsi, hebu jiulize anakimbia nini.

Tuje kwenye kazi. Unachokihitaji hakitaki simu. Kwenye mwili wa Singer ya zamani pana namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi imetanguliwa na herufi moja au mbili. Kwa namba hiyo anayezijua mashine hizi atakwambia ni ya aina gani na ilitoka lini, hata zile za kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Piga picha ya namba hiyo. Kisha kilaze kichuma chako kilichovunjika kando ya rula, ukipige picha juu na ubavuni, uambatishe zote kwenye ujumbe wa humo humo na umuulize kama chake kinalingana. Mwombe naye apige chake hivyo hivyo, na rula.

Mimi santuri nazinunua kwa mtindo huo. Nikiikuta sahani ya Black Star au Lucky Star, vikundi vya taarab vya Tanga hii, imekaa kwa mkusanyaji huko Ujerumani (na inaniuma, lakini tuyaache), simwombi simu. Namwambia aipige picha mwanga ukitokea ubavuni nione mikwaruzo, na karibu na karatasi ya katikati nisome namba yake. Wapo wanaojibu siku hiyo hiyo. Wapo wanaokaa kimya, na hao nao wamenijibu.

Namba yako ya simu ina mahali pake halali: pale unapojaza anwani ya kupelekewa mzigo. Hapo iandike bila hofu, pamoja na S.L.P. yako na postikodi, ambayo kwa Tanga huanza na 21. Mleta mzigo wa kwetu atakupigia kabla ya kuhangaika na namba ya mlango. Muuzaji anapewa maelezo hayo ukishalipa, kwa kazi ya kukutumia mzigo, si ya kukuchumbia wala kukutangazia biashara nyingine.

SWALI: Shangazi, nina vyumba viwili vya wageni Pangani, vipo Airbnb, ule mtandao wa kupangisha vyumba. Mtu kabla hajalipia huuliza barabara ikoje na kivuko cha kwenda Bweni kinasimama saa ngapi. Nikimwandikia namba yangu aulize kwa sauti, inafutwa. Nakosa wateja.

JIBU: Hukosi wateja kwa sababu ya namba, unawakosa kwa sababu ya kujibu kwa kuchelewa. Hayo maswali yanafanana kila mara. Yaandike majibu yake mara moja vizuri, barabara, kivuko, umeme, chakula, uyaweke kwenye simu, na kila akiuliza mtu umtumie humo humo kabla chai haijapoa. Akishathibitisha chumba, namba zenu mtaziona, mpigiane mpaka mchoke.

Pesa ya Airbnb anaishika Airbnb, na kwa kawaida huiachia kama saa 24 baada ya mgeni kuingia. Akitokea mgeni anakwambia afute ili akulipe mkononi, mkatalie kwa adabu. Unaweza kuondolewa kwenye orodha yao kwa hilo, na mgeni akivunja dirisha huna pa kushtaki.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa Chumbageni. Niliuza friji kupitia kundi la Facebook, nikaandika na namba yangu wazi. Friji limeuzika siku ya pili, lakini simu haijapumzika. Usiku napigiwa na watu wanaouliza "mrembo bado lipo?" na mmoja alituma bodaboda aje kulichukua huku ameniletea ujumbe wa malipo ya M-Pesa ambayo kwenye salio siyaoni. Bahati kijana wangu alikuwepo. Nifanye nini na namba hii? Ndiyo iliyoko benki na shuleni kwa watoto.

JIBU: Marahaba, mama watoto, na pole. Huyo aliyetuma bodaboda, msisitizo wake wote ulikuwa kwamba ana haraka na mpanda pikipiki anasubiri getini. Bodaboda mwenyewe huenda hana habari, katumwa tu.

Hapa hakuna dalali. Facebook haikushika pesa yako, kwa hiyo ulinzi wote ni wako. Ujumbe wa muamala wa kweli huingia kwa jina la M-Pesa, katika mfululizo ule ule wa jumbe zako za siku zote. Ukiingia kwa namba ya kawaida ya mtu, hata ukiwa na maneno yale yale na tarakimu zilizopangwa vizuri, si muamala. Usibishane naye wala usihesabu makosa ya herufi. Bonyeza *150*00# uangalie salio kwa mkono wako mwenyewe. Kama haimo, friji halitoki, hata bodaboda awe mpwa wa imamu.

Tangazo lako lifute leo, au liandike "limeuzwa" na uitoe namba. Watu wengi wanaliacha tangazo likining'inia, kumbe miezi baadaye bado linavuta watu. Mara nyingine tangazo liwe na picha, bei na mtaa kwa ujumla, "Chumbageni" inatosha. Mwenye nia akuandikie Messenger. Mkubaliane bei, mkubaliane na siku, ndipo umpe namba. Anayeng'ang'ania namba kabla hata hajauliza friji lina mlango mmoja au miwili, ameifuata namba yenyewe. Kitu kidogo, kama simu au pasi, mkabidhiane mahali penye watu. Mimi hupendelea karibu na kituo cha polisi hapo hapo Chumbageni, na wapo wanaoahirisha safari wakisikia mahali. Kwa friji lazima mtu aje nyumbani, basi aje mchana, na jirani awepo.

Kama utauza mara kwa mara, tafuta laini ya pili ya biashara, isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, usiazime ya mtu. Ukiwa hapo hapo bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu wakaifunge. Ule ujumbe wa malipo ya uongo usiufute. Upeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripotia matapeli. Wale wa "mrembo" wazuie mmoja mmoja, na usiwajibu hata tusi, maana tusi nalo kwao ni mazungumzo.

SWALI: Nilinunua viatu kwa dada mmoja wa Instagram, akachukua namba yangu anitumie mzigo kwa basi, nikaupokea stendi ya Kange salama. Wiki iliyofuata nikajikuta kwenye kundi lake la WhatsApp la wateja zaidi ya mia, namba yangu wanaiona wote. Wengine wameanza kunitumia matangazo ya mikopo. Nikilalamika nitaonekana mkorofi?

JIBU: Utaonekana mtu anayejua haki yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani haihamishiwi kazi nyingine bila ridhaa yako. Namba uliitoa kwa ajili ya kiatu kufika. Hukuitoa kwa ajili ya watu mia. Ipo na Tume inayosimamia sheria hiyo, lakini kwa dada wa viatu sidhani kama utafika huko.

Toka kwenye kundi, kisha mwandikie yeye peke yake, si mbele ya kundi: "Dada, viatu nimevipenda, lakini sikukuruhusu kuiweka namba yangu kundini. Naomba uitoe kwenye orodha yako ya matangazo." Kisha kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, badilisha wanaoweza kukuingiza kwenye makundi wawe wale tu uliowahifadhi kwenye simu. Jina lake la "Dada Viatu" lifute kwenye orodha hiyo, la sivyo atakurudisha tena kesho.

Na wenye maduka mnaosoma hapa: ipo njia humo humo WhatsApp ya kuwatumia wateja tangazo moja kwa wengi bila wao kuonana namba, na inapokelewa na yule tu aliyekuhifadhi wewe. Waombeni kwanza. Atakayekataa bado atarudi kununua, ila huyu wa barua hii sina hakika naye.