Elfu Mbili za Inua Jamii na Mama Anayelea Peke Yake

Nilipoachwa na watoto wawili katika chumba cha kupanga huko Kisauni, Mombasa, majirani waliniambia kwamba serikali ya Kenya inawasaidia watu kama mimi kwa fedha za mpango uitwao Inua Jamii, hivyo niende kwa chifu nikajiandikishe. Nilikwenda. Karani aliniuliza swali moja tu: baba yao yuko hai? Nikamjibu kwamba yuko hai, ila haleti hata kibaba cha unga. Akafunga daftari lake.

Nilikasirika, lakini baadaye nilielewa kwamba swali lile lilitokana na jinsi mpango wenyewe ulivyopangwa. Inua Jamii ina mafungu matatu: mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, watu wenye ulemavu mkubwa, na wazee waliotimiza miaka 70. Mama anayelea peke yake hana fungu lake. Huingia kwa mgongo wa mtu mwingine aliye nyumbani mwake. Mimi niliingia kwa mlango wa msiba, dada yangu alipofariki nikamchukua mwanawe.

Kiasi kinachotolewa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kimebaki hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku bei za vitu zikipanda. Mimi huuza mahamri na mbaazi alfajiri, kwa hivyo hesabu yangu huifanya kwa unga: fedha hizo zilikuwa zikinitosha bale moja la unga wa ngano, na nazi na iliki nijitafutie mwenyewe. Tena hazikuja kila mwezi. Zilikusanyika, zikachelewa, kisha zikaja kwa mkupuo wakati deni la dukani limekwisha kuzimeza. Siku moja nilipanga foleni kwa wakala tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika mashine ikakataa vidole vyangu, kwa kuwa alama zake zilikuwa zimefifia kwa miaka ya kuchezea mafuta ya moto. Nilirudi mara tatu, na nauli ya mara zote hizo ilitoka katika mtaji wa mahamri.

Kwa hivyo, nikiulizwa kama msaada huu humtoa mama katika umaskini, jibu langu ni kwamba haumtoi. Humzuia asizame zaidi, na hilo si dogo, maana kuna muhula ambao sare za shule zilinunuliwa kwa fedha hizo na si kwa kitu kingine.

Ushauri wangu, mwenzangu, ni kwamba usianzie kwa chifu. Anzia kwa baba wa watoto. Wengi wetu huona haya, au huambiwa na wazee tumwachie Mungu, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelishikilia hilo. Mimi nilikwenda kwanza kwa afisa wa watoto, ambaye alimwita baba wa watoto wangu tukaandikiana mkataba wa matunzo. Alipouvunja, nikaufikisha katika mahakama ya watoto pale Tononoka. Ilichukua miezi mingi, na kuna siku nilitaka kuacha. Lakini kiasi alichoamriwa kulipa kilikuwa kikubwa kuliko chochote nilichowahi kupata kutoka serikalini, na hicho ndicho kilichonihamisha kutoka chumba kimoja hadi viwili.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitafute mapema, kabla hujavihitaji, kwani pasipo cheti hapana msaada, hapana basari, na kesi haiendi popote. Kuhusu mikopo, Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007 hukopesha vikundi vilivyosajiliwa bila riba, nayo ni afadhali mara kumi kuliko mikopo ya simu, ambayo mimi niliikimbilia kulipa karo nikajuta. Chagua wanakikundi kwa uangalifu kama unavyochagua mtu wa kumwachia mtoto, kwa sababu deni la mmoja huwa la wote. Kikundi chetu cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya mwanachama mmoja aliyehamia Mtwapa usiku.

Elfu mbili zikiingia sasa, siku hiyohiyo hununua bale la unga kabla sijafika nyumbani.