Muulize Fundi: Pampu ya maji ya kompyuta ichukue umeme wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mie ni kijana wa Wete, Pemba, natengeneza video za harusi. Nimenunua kompyuta ya mtumba inayopozwa kwa maji, ina pampu, rejeta ya kupozea maji na mipira yake. Pampu ina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, imeandikwa 12V 1.5A. Binamu yangu ananiambia niichomeke kwenye adapta ya kamera za ulinzi. Mwengine anasema niitie kwenye pini za feni za mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Je, siwezi kuichukulia umeme kwenye pawasaplai yenyewe, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta? Na maji ya kisima yanafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza, na hapo ndipo mie ningeichukulia.

Adapta ya binamu yako itazungusha pampu, sikatai. Lakini itakaa ukutani peke yake, na nyumba zetu soketi hazitoshi. Atakuja mtu usiku, aichomoe achaji simu, huku kompyuta inaendelea kusaga video na maji yamesimama. Ukiiunga kwenye pawasaplai, umeme ukikatika vyote vinazimika pamoja.

Pini za feni ndizo hasa nnazokukataza. Piga hesabu: 12 mara 1.5 ni wati 18. Pini hizo kwenye mazabodi nyingi mwisho wake ni ampea 1, yaani wati 12. Feni inakula kidogo. Pampu yako itazidisha, na kitakachoungua ni mazabodi.

Tafuta kichwa cha pini nne zilizojipanga mstari mmoja, kile kilichokuwa kikilisha diski za zamani. Njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi mbili za katikati ni hasi. Hapa wengi wanateleza: nyekundu ya pampu haiendi kwenye nyekundu ya pawasaplai, inakwenda kwenye njano. Ukizikutanisha nyekundu mbili, pampu inapata volti 5 na itanung'unika tu, au isizunguke kabisa. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuiua. Tena zipo pawasaplai ambazo nyaya zake zote nyeusi, na za baadhi ya kompyuta za ofisi rangi hazifuati utaratibu huu. Kwa hiyo pima kwa mita ya umeme kwanza; isome kati ya volti 11.4 na 12.6.

Viungo vilehemu. Usisokote waya ukazungushia tepu, maana kwa joto na hewa ya bahari ya kwetu gundi inalainika, tepu inafunguka, na shaba inaota ukijani.

Kabla hujaiwasha kompyuta, ipime kama inavuja. Zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, kisha chomoa vichwa vyake vyote kwenye mazabodi, kadi ya video na diski, ibaki pampu peke yake. Kwenye kile kichwa kikubwa cha pini 24 kuna waya mmoja tu wa kijani. Uunganishe na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Ukiwasha swichi, pawasaplai inaamka bila mazabodi. Kama nyaya zote ni nyeusi usibahatishe, nunua kichwa cha kupimia kilichounganishwa tayari. Pampu usiizungushe kavu hata kidogo. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima, ongeza maji, mpaka mapovu yaishe. Tandika tishu chini ya kila kiungo, iache izunguke usiku kucha. Asubuhi tishu zikiwa kavu, zima, toa kile kipande cha waya, rudisha vichwa.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita za ndani zinabaki na umeme wa kukurusha hata ukishachomoa plagi.

Ukiwasha, kompyuta huenda ikalalamika kuwa feni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haipo, kwa sababu pampu yako haina waya wa tatu wa kupeleka habari ya mwendo. Chomeka feni moja ya rejeta kwenye pini za feni ya prosesa, itanyamaza.

Maji ya kisima, hapana. Yana chokaa na chumvi, yatakuzibia njia nyembamba zilizo juu ya prosesa. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, na usome chupa vyema kabla hujalipa, maana asidi ya betri nayo inauzwa duka hilo hilo.