Kabla ya kumnunulia mama vidonge vya kumbukumbu, mwaga mfuko wa dawa zake mezani

Ndugu uliyeuliza kama vidonge vya kolini vinavyouzwa mtandaoni vitamrudishia mama yako kumbukumbu, kwa kuwa umesoma kwamba ubongo wa mzee aliyeanza kusahau hupungukiwa na asetilikolini: ulichosoma kina ukweli, lakini nakuomba usitume fedha kwanza.

Asetilikolini ni kemikali ambayo seli ya neva huitoa ili kupeleka habari kwa seli ya jirani. Ndani ya ubongo, kiasi kikubwa chake hutoka kwenye seli zilizo chini upande wa mbele, ambazo nyuzi zake hufika kwenye hipokampasi, yaani mahali panapotengenezwa kumbukumbu mpya, na kwenye gamba la ubongo, ambako huusaidia umakini. Katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu na akili polepole, seli hizo huanza kufa mapema. Mwaka 1976 Peter Davies na Maloney, huko Edinburgh, Uskoti, walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huo, wakakuta kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kinachotengeneza asetilikolini kimepungua mno. Kwa hiyo kolini, ambayo mama huipata hata kwenye mayai, maini na samaki, ni malighafi tu ya kutengenezea asetilikolini; walioadimika ni mafundi, yaani zile seli. Donepezili, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, hufuata njia nyingine: huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, ili ile kidogo iliyobaki idumu zaidi. Haifufui seli iliyokwisha kufa.

Hayo niliyajua kwa kuuguza. Baba yangu alifanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwa miaka mingi, na hakuwahi kuhitaji kalenda kujua ni usiku upi mbalamwezi itawazuia wavuvi wa karabai kuingia ziwani. Alipoanza kuuliza jambo lile lile mara nne kabla chai haijapoa, tulisema ni uzee. Baadaye akawa anaamka saa nane usiku kutafuta taa za mtumbwi aliouuza zamani, huku akiwaita vijana wake wa kazi, na mmoja wao alikwisha kufariki. Mchana mdomo ulimkauka kiasi kwamba tonge la ugali halikushuka bila maji, choo kilikuwa kigumu, na mkojo ulimtoka kwa shida. Sisi tulihesabu mambo hayo kuwa magonjwa manne tofauti.

Daktari aliyetupokea hakuanza na kipimo chochote, bali alituagiza turudi na dawa zote zilizokuwa nyumbani. Tulimwaga mfuko mezani: vidonge vya presha, Piriton, dawa ya mzio ambayo baba aliimeza kila usiku kwa ajili ya kuwashwa, na duka la dawa la jirani liliendelea kutuuzia bila kuuliza ni ya nani, na amitriptilini aliyoandikiwa kwingine kwa miguu iliyokuwa ikimwaka moto. Akatenga hizo mbili za mwisho kwa kidole. Zote huziba vipokezi vya asetilikolini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kwenye ubongo na kwenye tezi za mate, utumbo na kibofu vilevile, na ndiyo sababu yale magonjwa manne yalikuja pamoja. Kwa lugha yake, tulikuwa tunamzimia taa mtu ambaye mafuta yake yalikuwa yanaelekea kuisha.

Piriton iliachwa siku ile ile. Amitriptilini ilipunguzwa kidogo kidogo kwa usimamizi wake, na wewe pia usiikatishe ghafla kwa uamuzi wako. Haikupita wiki ya tatu, baba akaanza kulala usiku na kumeza ugali bila kusukumia na maji. Usahaulifu ulipungua, haukwisha, kwa sababu Alzheimer nayo ilikuwepo chini yake. Ndipo alipoanzishwa donepezili miligramu 5, baada ya mapigo ya moyo kupimwa, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuyapunguza. Siku za mwanzo alikuwa na kichefuchefu na kuharisha. Kungetokea nini kama angepewa donepezili huku akiendelea na zile mbili? Moja ingeongeza asetilikolini, nyingine ingeizuia isipokelewe, na sisi tungelipia zote.

Basi uangalie mfuko wa mama, pamoja na dawa za mafua, za usingizi, za kichefuchefu na za tumbo la kusokota, kisha umpelekee daktari au mfamasia vyote. Mwulize pia kama mdomo unamkauka na ni tangu lini, halafu ulinganishe na siku alipoanza kuchanganyikiwa.